Fungu la Pili

Wakili Leokadia Mkumbo alimkuta Perpetua Msengi uani kwake, akipepeta alizeti. Upepo wa Singida ukiamua kuwa rafiki, humfanyia mpepetaji nusu ya kazi. Perpetua aliinua ungo, mbegu zikashuka kwenye turubai, makapi yakapeperukia kwa jirani ambaye alikuwa amekwisha kuzoea na hakulalamika tena.

"Hodi hapa! Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Pita upande huu, huko utajaa makapi."

Ualimu aliuacha miaka thelathini iliyopita, lakini jina lilikuwa limemng'ang'ania kama kupe. Alimsogezea mgeni kigoda, yeye mwenyewe akakaa juu ya debe lililofunikwa. Leokadia alikuwa wakili kijana, hajafika hata miaka thelathini na mitano, viatu vyake vimejaa vumbi jekundu la njiani. Hakupoteza muda kwa habari za mvua.

"Nimesoma Mwongozo wa Punje mpaka ukurasa wa mwisho," alisema. "Pale pana majina saba ya wanakamati wa istilahi. Watano wametangulia mbele ya haki. Wa sita yuko Kanada, hajui hata leo ni siku gani. Umebaki wewe."

Perpetua aliuweka ungo chini.

Zama hizo hapakuwa na mtu mzima asiyevaa punje. Unapofikisha miaka kumi na minane unakwenda zahanati, unainamisha kichwa, nesi anakuchoma nyuma ya sikio, basi. Kitu chenyewe hakizidi punje ya mtama, ndiyo maana watu waliachana na jina lake la kitaalamu wakakiita hivyo. Kazi yake ilikuwa moja: kila kiungo cha mwili kinapotikisika, punje inaandika saa ngapi, kiungo gani, na amri imetoka wapi. Ikiwa imetoka kule chini kabisa, kwenye uti wa mgongo na shina la ubongo, mahali panapomfanya mtoto mchanga anyonye bila kufundishwa na jicho lifumbe mdudu akipita, hilo ni fungu la kwanza. Ikiwa imetoka katikati ya ubongo, mahali yanapohifadhiwa mambo yaliyorudiwarudiwa hadi yakaota mizizi, kama mguu wa fundi kwenye cherehani, ni fungu la pili. Ikiwa imetoka mbele, nyuma ya paji la uso, mahali mtu anapopanga na kuamua, ni fungu la tatu.

Mashine ilileta mafungu matatu. Sheria ilitaka safu mbili: anayewajibika na asiyewajibika. Kesi zilizokuwa zikichukua miaka zikawa zinamalizika kabla ya chai ya saa nne. Karatasi inachapishwa, jaji anasoma fungu, mtu anakwenda nyumbani au anakwenda gerezani. Hakuna shahidi wa kuhongwa wala wa kutishwa. Watu waliipenda sheria hiyo, na walikuwa na sababu.

"Nina mteja anaitwa Nyamizi Kitundu," Leokadia aliendelea. "Fundi cherehani. Anashonea barazani kwa Mzee Gwau, yule muuza vitambaa karibu na soko. Mwezi wa tano, Nyamizi ameinama anakata kitambaa. Mzee akatokea nyuma yake, akanyoosha mkono juu ya kichwa chake atungue kitenge kilichoning'inia. Nyamizi akageuka na mkasi. Mzee amepoteza jicho la kushoto."

"Maskini. Na punje?"

"Fungu la pili. Kwa sheria, fungu la pili limo kwenye safu ya kusudi, ile ya anayewajibika. Miaka saba." Wakili alikunja karatasi zake. "Nimeomba ruhusa ya kuleta shahidi, na jambo hilo halijafanyika mkoa huu kwa miaka tisa. Jaji amekubali shahidi mmoja wa lugha. Nataka uje uieleze mahakama kwa nini fungu la pili liliwekwa upande ule."

"Niliyeliweka ni mimi," Perpetua alisema.

"Najua, Mwalimu. Ndiyo maana nimefunga safari."

*

Kweli alikuwa yeye. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mdogo kuliko wote kwenye kamati, na walikuwa wamekusanya maneno miezi mitano. Walikuwa nayo silika, na hulka, na maumbile, na tabia, na ada, na jadi. Wazee wawili walikwaruzana wiki nzima kuhusu tofauti ya silika na hulka mpaka mmoja akahamia meza nyingine. Mwishowe fungu la kwanza likaitwa silika na la tatu kusudi, bila ugomvi mkubwa. La kati wakaliita mazoea. Siku ya mwisho mwenyekiti akauliza: "Haya mazoea sasa tuyatupe safu gani?"

Perpetua alinyoosha mkono. Alisema kuzoea ni kitenzi cha mtu mwenyewe. Mimi nimezoea, wewe umezoea. Mtu hazoei jambo ambalo hakulikubali mara ya kwanza, na aliyekubali mara ya kwanza amewajibika hadi ya mwisho. Ilisikika vizuri. Wanakamati wakaitikia kwa vichwa, mhudumu akaingia na chai na maandazi, na mwenyekiti akaandika.

Kwa miaka ishirini na saba hakuna aliyekuja kumuuliza.

Alhamisi, baada ya ujio wa wakili, alikwenda mahabusu kumwona Nyamizi. Alimkuta mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na minne, vidole vyake vina makovu madogo ya sindano. Chumba kilikuwa na viti vinne, na Nyamizi alichagua kile kilichogusana na ukuta.

"Mzee Gwau anaendeleaje?" hilo ndilo lililomtoka kwanza, hata kabla ya salamu kukamilika.

"Ametoka hospitali. Nasikia anafungua duka nusu siku."

Nyamizi aliinamisha uso. "Nilipofiwa na mume, ndugu zake walichukua kila kitu hadi sufuria. Mzee Gwau ndiye aliyenipa pembe ya baraza lake. Miaka mitatu hajaniambia neno baya. Sasa mtu kama huyo, mama yangu, ningemchoma kwa lipi?"

"Niambie ilivyokuwa."

"Sina cha kusema, ndilo tatizo. Nilikuwa nakata. Kivuli kikapita juu. Nikajikuta nimesimama, mkasi mkononi, na Mzee amekaa chini kashika uso. Hapo katikati sikuwepo."

Nikajikuta. Perpetua aliliandika neno hilo kwenye daftari lake. Kila Mswahili alikuwa analitumia tangu utotoni: nikajikuta nalia, nikajikuta nimefika. Katika miezi mitano ya kamati hakuna aliyelileta mezani, kwa kuwa walikuwa wanatafuta nomino.

"Na mumeo?" aliuliza.

"Mungu amrehemu." Nyamizi alisugua kovu moja kwa kidole gumba. "Alikuwa hapigi mtu akiwa mbele yake. Alikuwa anatokea nyuma. Miaka kumi na miwili. Mwaka wa kwanza nilikuwa nalia. Mwaka wa pili nikawa najikinga kwa mikono. Baadaye nikaanza kugeuka na chochote nilicho nacho, mwiko, sahani. Siku moja nilimpata na mwiko puani, akacheka. Akasema, leo umekuwa mwepesi."

*

Tabitha, binti wa Perpetua, alikuwa jikoni akisonga ugali mama yake aliporudi. Perpetua alifika mlangoni, akakohoa, ndipo akaingia.

Mara akasimama pale pale, mkono kwenye fremu ya mlango. Hakuwa na kikohozi. Hakuwa na mafua. Miaka minne, tangu Tabitha arudi nyumbani kutoka kwa mumewe Festo na sanduku moja na mbavu zilizofungwa bandeji, yeye Perpetua alikuwa akikohoa kila anapomkaribia mwanawe kwa nyuma. Hakumbuki kuamua hivyo. Kama punje yake ingesomwa, ingeandika fungu la pili.

"Umekwenda kumwona," Tabitha alisema bila kugeuka. Singida ni mji mdogo.

"Nimekwenda."

"Karatasi ya Festo uliisoma, mama?"

"Niliisoma."

"Iliandikwa fungu la ngapi?"

Perpetua alivuta kiti. "La pili."

"Mapigo yote. La pili, la pili, la pili, ukurasa mzima." Tabitha aliugeuza ugali kwa nguvu, sufuria ikalia juu ya jiko. "Niliingia mahakamani saa tatu, saa tano nikatoka. Sikuulizwa neno hata moja. Sikumtazama usoni. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nawasikia wanawake wakisimulia mambo ya kesi za zamani, unaulizwa ulivaa nini, ulijibu nini, mbona hukuondoka. Mimi niliondolewa mateso hayo, na niliondolewa na neno lako. Sasa unataka kulitoa lilipo?"

"Nyamizi atafungwa miaka saba kwa jambo ambalo..."

"Festo amebakiza mitatu. Ukilihamisha neno upande wa silika, kesho yake yuko hapo mlangoni."

"Nyamizi naye alikuwa anapigwa, Tabitha. Miaka kumi na miwili."

"Najua! Unadhani sijui?" Mwiko ulitulia. Tabitha alipoongea tena sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ilimuumiza Perpetua kuliko ile ya juu. "Namhurumia. Lakini mimi sina huruma ya kuwatosha watu wawili. Mama, kwa umri wako huu, ukisema presha imepanda, nani atakubishia? Wakili atatafuta mtu mwingine."

"Hakuna mwingine."

"Basi liache neno lilipo."

Siku tatu baadaye Tabitha alikunja nguo zake, akaosha vyombo vyote, akafagia jikoni, akapanda basi kwenda Manyoni kwa mama yake mdogo. Hakugombana. Alisema tu kwamba anataka kuwa mahali ambapo Festo hapajui. Perpetua alimsindikiza hadi stendi akiwa na maneno mengi kifuani, akaishia kumpa chupa mbili za mafuta ya alizeti.

Wiki ile Perpetua hakulala vizuri wala hakula vizuri. Asubuhi alikuwa anaamka ameamua kuugua, mchana anaamua kwenda. Alijaribu kutafuta sentensi ambayo ingemtoa Nyamizi na kumwacha Festo ndani, akajaza kurasa sita za daftari, na kila sentensi aliyoandika Festo alipita nayo. Wote wawili mikono yao ilikwenda yenyewe. Mashine ilikuwa imesema kweli kwa wote.

*

Siku ya shauri chumba kilijaa. Watu hawakuwa wameona shahidi wa mdomo kwa muda mrefu, wengine walikuja na watoto kuwaonyesha.

Kabla ya Perpetua, jaji alimruhusu Mzee Gwau aseme machache. Alikuwa mtu mnene mwenye umri wa miaka sitini na mitano hivi, kibandiko cheupe jichoni, na hakuwa amekuja kumpendeza mtu.

"Mtu asije akasema nimesamehe," alianza. "Usiku linaniuma jicho ambalo halipo. Kitambaa cheusi na cha bluu iliyokoza siku hizi navichanganya, wateja wanacheka. Kwa hiyo sijasamehe. Lakini nimeitwa kusema niliyoyaona. Alipogeuka uso wake ulikuwa karibu nami kama huu mkono. Hakuwa ananitazama mimi. Baada ya kunichoma ndipo akanijua. Alipiga yowe kubwa kuliko langu. Basi, hayo tu."

Kisha akaitwa Perpetua Msengi, mstaafu. Alikula kiapo. Leokadia akamwuliza kwa nini fungu la pili liliwekwa upande wa kusudi.

"Kwa kosa langu, Mheshimiwa Jaji," alijibu. "Nilitazama kitenzi kimoja, kuzoea. Nikaona mtendaji ni mtu mwenyewe. Lakini Kiswahili hakikuishia hapo. Kuna kuzoesha, na kuna kuzoeshwa. Ng'ombe wa kulimia hajazoea jembe, amezoeshwa. Tunasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na methali yenyewe inataja kulea kabla ya kukua. Tulipolifanya kuwa nomino tukasema mazoea, na nomino hiyo ikawameza wote, aliyezoea na aliyezoeshwa. Ukiitazama karatasi ya punje huwezi kujua ni nani kati yao. Mshtakiwa yule hakuzoea kugeuka na mkasi. Alizoeshwa, kwa miaka kumi na miwili, na aliyemzoesha ameshazikwa."

Wakili wa Jamhuri alisimama. Alikuwa mtu mpole, na Perpetua alimwogopa zaidi kwa upole wake.

"Mwalimu, punje inaweza kumtofautisha aliyezoea na aliyezoeshwa?"

"Haiwezi."

"Kwa hiyo mahakama ikikubali maneno yako, mlango ukifunguliwa kwa mmoja umefunguliwa kwa wote."

"Ndiyo."

"Unajua ni wangapi wamefungwa nchini kwa fungu la pili?"

"Sijui."

"Elfu mbili mia nne na kumi. Mmoja wao ni mkwe wako."

Chumba kilivuma. Jaji akagonga meza.

"Ndiyo," Perpetua alisema. "Ni mume wa binti yangu."

"Aliyempiga binti yako hadi akamvunja mbavu mbili. Na leo, chini ya kiapo, unaiomba mahakama hii imfungulie?"

Perpetua alishika ukingo wa kizimba. Aliutafuta uso wa Tabitha kati ya watu ingawa alijua yuko Manyoni. Karani aliyekuwa anaandika akainua kichwa kumtazama.

"Naiomba imwulize," alisema hatimaye. "Hatukumwuliza. Wala yeye, wala binti yangu. Tuliiachia punje kazi ya kuuliza, na punje haiulizi, inaandika tu. Mimi nilikuwa mmoja wa waliochoka kuuliza. Akiulizwa akaonekana hana hatia, atatoka, na mimi nitakuwa nimemtoa. Nalijua hilo. Nimekuja nikilijua."

"Sina swali jingine," wakili wa Jamhuri alisema, akakaa.

Hukumu ilisomwa baada ya wiki mbili. Jaji hakulihamisha fungu la pili kwenye safu ya silika, wala hakuliacha kwenye ya kusudi. Alisema fungu hilo peke yake halimfungi mtu wala halimwachii. Lazima watu wasikilizwe, ijulikane mazoea yametoka wapi na nani aliyatia. Nyamizi Kitundu aliachiwa huru. Mzee Gwau hakumrudisha barazani. Alimpelekea cherehani yake nyumbani kwa mkokoteni, imefungwa vizuri na gunia, pamoja na mabunda matatu ya vitambaa vya kushona sare za shule. Mkasi hakuuweka.

Na waliofungwa kwa fungu la pili wakaruhusiwa kuomba kusikilizwa upya. Festo alikuwa wa kumi na moja kuomba.

*

Perpetua alipeleka habari Manyoni kwa simu. Tabitha alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Nimesikia, mama," akakata. Kwa wiki tano hakupiga wala hakupokea.

Siku ya kusikilizwa Festo aliingia amekonda, nywele zimenyolewa. Perpetua alikuwa mstari wa nyuma. Dakika kumi kabla jaji hajaingia, mlango ulifunguliwa na Tabitha akapita, vumbi la safari likiwa bado kwenye gauni. Alisimama mbele ya mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akaenda kukaa mstari wa mbele, peke yake.

Festo alisimulia, naye hakudanganya. Alisema baba yake alikuwa anampiga kwa mnyororo wa baiskeli, akanyanyua shati kuonyesha mgongo. Alisema alipokuwa na miaka kumi na tatu aliapa hatamgusa mtu, na alipooa akajikuta. Alitumia neno hilo hilo. "Nilikuwa najikuta nimeshampiga, Mheshimiwa. Mimi pia nilizoeshwa." Perpetua aliutazama mgongo ule akahisi huruma ambayo hakuitaka. Watu kadhaa walikuwa wanafuta macho. Wakili wa Festo alilirudia somo la Perpetua, kuzoea na kuzoeshwa, karibu neno kwa neno, na kila neno lilikuwa kwake kama kupigwa kibao kwa kiganja chake mwenyewe.

Kisha jaji akamwuliza Tabitha kama ana la kusema. Halazimishwi, alimwambia.

Tabitha alisimama. Alimtazama jaji tu.

"Aliyosema kuhusu baba yake ni kweli. Mgongo ule nimeukanda kwa maji ya moto mimi mwenyewe. Lakini kuna kitu hakukisema. Alikuwa anavua saa kwanza."

"Saa ipi?"

"Ya mkononi. Anaingia, anafunga mlango, anavua saa, anaiweka juu ya friji. Ndipo ananipiga. Akiivua najua. Asipoivua, hata akifoka, najua leo nimepona. Mara moja kishikizo kilikwama, akasimama pale anahangaika nacho, na mimi nimesimama namngoja."

Jaji aliuliza kwa nini jambo hili halimo kwenye kumbukumbu za kesi ya kwanza.

"Hakuna aliyeniuliza, Mheshimiwa."

Sheria ya zamani iliruhusu punje isomwe kwa tendo lililoshtakiwa tu, yaani pigo lenyewe. Jaji aliamuru zisomwe dakika mbili za kabla ya kila pigo. Mtaalamu wa punje, msichana mwenye kompyuta ndogo mapajani, alifanya kazi hiyo pale pale, na watu walimngoja karibu saa nzima bila kutoka nje. Alipomaliza alisimama kusoma. Punje haijui saa ni nini, alieleza. Inajua tu kwamba mkono wa kulia umekwenda kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, ukakaa hapo sekunde nne au tano, kisha mkono wa kulia ukanyooka juu.

"Tendo hilo limo mara sitini na moja," alisoma. "Mara hamsini za mwanzo, fungu la tatu. Mara kumi na moja za mwisho, fungu la pili."

Festo alikuwa ameinamisha kichwa. Alisema, si kwa sauti ya kujitetea, kwamba hakumbuki habari ya saa.

Jaji aliandika kwa muda mrefu. Akasema mshtakiwa alizoeshwa na baba yake kupiga, na mahakama inalisikitikia hilo. Lakini mtu ambaye kwa mara hamsini ameamua kuvua saa alikuwa na nafasi hamsini za kuiacha mkononi, na mazoea yaliyofuata aliyajenga mwenyewe. Kifungo kikabaki kama kilivyokuwa.

Nje, kando ya ukuta wa mahakama, palikuwa na benchi la saruji lenye kivuli. Perpetua alikaa hapo. Tabitha alitoka, akatazama kulia na kushoto, akaja akakaa naye. Basi la Manyoni lilikuwa linaondoka saa tisa, na stendi ilionekana kutoka pale.

Perpetua alitaka kumwuliza kwa nini katika miaka minne, nyumba moja, sufuria moja, hakumwambia habari ya saa. Alilifikisha swali hadi kwenye ulimi. Halafu akakumbuka kwamba katika miaka hiyo minne yeye mwenyewe hakuwa ameuliza chochote. Aliisoma karatasi, akaona fungu, akaona ameshajua. Alilimeza swali.

"Ilikuwa ya rangi ya dhahabu," Tabitha alisema, macho yake barabarani. "Nilimnunulia mimi, wiki ya harusi. Aliipenda sana, alikuwa anaifuta kwa kitambaa cha miwani. Alikuwa anaivua asije akaivunja."

Perpetua aliuchukua mkono wa mwanawe akauweka mapajani mwake. Tabitha hakuutoa. Alivuta pumzi, akaanza mwanzo kabisa, tangu mwaka wa kwanza na nyumba ya kupanga yenye mlango wa bati, akaenda polepole, akirudi nyuma pale alipokosea mpangilio. Perpetua hakumkatiza. Basi la saa tisa lilipiga honi mara mbili, likageuza, likapita mbele yao na vumbi lake. Tabitha alilitazama likipita, akaendelea kusimulia.